Bonasi Haina Kodi Yake

Hesabu za kampuni zikishakaguliwa na bodi ikishakaa, mabenki, migodi, viwanda na kampuni za simu nchini Tanzania huanza kulipa bonasi. Ujumbe wa benki ukiingia kwenye simu za watu, haipiti saa nzima kabla mlango wa ofisi ya mishahara haujagongwa. "Dada, barua inasema laki tano. Mbona nimeona laki tatu na tisini?" Mhasibu anajibu kwamba ni PAYE, kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata kwenye malipo. Mwenye bonasi anatoa hati ya mshahara ya mwezi uliopita, anaonyesha kwamba PAYE yake ilikuwa Sh18,400, na ya mwezi huu imekuwa Sh128,000. Anaondoka akiwa na hakika kwamba serikali ina kodi maalumu ya bonasi, na kwamba ni kali kuliko ya mshahara.

Haipo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, inaitaja bonasi katika kifungu cha 7 pamoja na ujira, mshahara, malipo badala ya likizo, kamisheni na kiinua mgongo. Vyote ni mapato ya ajira na vinatozwa kwa viwango vilevile. Sheria ya Kenya, Sura ya 470, imefanya vivyo hivyo katika kifungu cha 5, na kufanana huko si jambo la kubahatisha: nchi hizi zilikuwa na idara moja ya kodi ya mapato mpaka kila moja ilipotunga sheria yake mwaka 1973. Zanzibar nako, kwa kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano, sheria ni hiyohiyo ya 2004. Anayetafuta kiwango cha kodi ya bonasi katika vitabu hivi atapekua mpaka macho yamuume.

Hata hivyo mlalamikaji wa pale mlangoni hajaota. Zile Sh109,600 zilizoongezeka kwenye PAYE yake zimekatwa kweli, na ni karibu asilimia 22 ya bonasi, wakati mshahara wake wa kawaida unakatwa chini ya asilimia 4. Ameuona moshi mahali penyewe, ila moto ameusingizia kiwango. Kiwango hakina kosa. Kosa limo katika namna ya kukata, na kulielewa kunahitaji penseli na subira kidogo.

Tuchukue viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza kutumika Julai 2021. Kwa mwezi, Sh270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi Sh520,000 ni asilimia 8. Kutoka Sh520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, kisha asilimia 25 hadi Sh1,000,000, na kila shilingi inayozidi milioni inatozwa asilimia 30. Tazama kimo cha ngazi hii: kutoka daraja la pili kwenda la tatu, kiwango kinaruka kutoka 8 hadi 20. Na kutoka mtu asiyelipa kitu mpaka anayelipa kiwango cha juu kabisa kuna Sh730,000 tu. Ni ngazi fupi yenye vipandio vya kuchosha.

Mfanyakazi wetu, baada ya mchango wake wa pensheni kutolewa, ana pato la kutozwa kodi la Sh500,000 kwa mwezi. Sh230,000 zinazozidi kiwango cha msamaha zinatozwa asilimia 8, ndiyo hiyo Sh18,400. Mwezi wa bonasi, mhasibu anajumlisha laki tano za mshahara na laki tano za bonasi, anapata milioni moja kamili, kisha anaipeleka kwenye jedwali la mwezi. (Mchango wa pensheni juu ya bonasi nauacha pembeni ili hesabu isikorogeke.) Jedwali linajibu Sh128,000. Mhasibu hajaonea mtu. Jedwali lenyewe limesoma mapato ya mwezi mmoja likadhani linamtazama mtu anayepata milioni kila mwezi, mwaka mzima.

Hapa kuna dhana moja ya kuondoa kabla ya kuendelea, maana imewafanya watu wengine waombe bonasi yao icheleweshwe au hata waikatae. Husemwa kwamba bonasi ikikupandisha daraja, mshahara wako wote unatozwa kiwango cha juu, kwa hiyo unaweza kutoka na fedha pungufu kuliko ambavyo ungepata bila bonasi. Si kweli. Kiwango cha juu kinagusa zile shilingi zilizovuka mpaka tu. Zilizobaki chini zinaendelea kutozwa kama jana. Kwa PAYE ya Tanzania, shilingi mia za bonasi haziwezi kukuachia chini ya shilingi sabini, hata ungekuwa mkurugenzi.

Sasa turudi kwenye kosa la kweli. Kodi ya mapato, kwa sheria, ni ya mwaka. Jedwali la Kwanza la Sheria ya mwaka 2004 limeandika viwango kwa mwaka: msamaha ni Sh3,240,000, daraja la asilimia 8 linaishia Sh6,240,000, la asilimia 20 linaishia Sh9,120,000, na la asilimia 25 linaishia Sh12,000,000. Yale majedwali ya mwezi yanayobandikwa ukutani ofisini ni hayohayo yakigawanywa kwa 12. Mshahara usiobadilika hauoni tofauti kati ya njia hizi mbili. Bonasi inaiona.

Mfanyakazi wetu kwa mwaka mzima amepata mishahara 12 na bonasi moja, jumla Sh6,500,000. Ukimtoza kwa jedwali la mwaka, analipa asilimia 8 ya Sh3,000,000, yaani Sh240,000, na asilimia 20 ya Sh260,000 zilizobaki, yaani Sh52,000. Jumla Sh292,000. Ukimtoza mwezi kwa mwezi kama ilivyofanyika, analipa Sh18,400 mara 11 na Sh128,000 mara moja, jumla Sh330,400. Tofauti ni Sh38,400. Fedha hizo zimekatwa kwa sababu moja tu, kwamba bonasi ilifika siku moja badala ya kufika kidogokidogo.

Mtu mwenye mshahara mkubwa hasikii maumivu haya. Chukua meneja ambaye pato lake la kutozwa kodi ni Sh1,200,000 kwa mwezi. Yeye tayari amevuka milioni. Bonasi yake ya Sh1,200,000 itatozwa asilimia 30, yaani Sh360,000, ikija kwa mkupuo au ikisambazwa miezi 12. Njia ya kukata haimwongezei wala haimpunguzii hata senti. Mkurugenzi wa milioni kumi kwa mwezi hali kadhalika.

Shuka sasa mpaka getini. Mlinzi anapata Sh240,000 kwa mwezi, na hajawahi kuona PAYE kwenye hati yake kwa kuwa yuko chini ya msamaha. Mwajiri, kwa wema wake, anampa mshahara wa 13. Mwezi huo amepata Sh480,000, na jedwali linamkata Sh16,800. Kwa mwaka mzima amepata Sh3,120,000, ambazo bado ziko chini ya msamaha wa mwaka. Kwa hesabu ya mwaka, mlinzi huyu hadaiwi kodi yoyote. Amelipa Sh16,800 kwa sababu ya kalenda.

Hilo ndilo jambo ambalo malalamiko ya kila mwaka hayalifikii. Wanaopiga kelele zaidi kuhusu kodi ya bonasi ni wenye mishahara mikubwa, kwa kuwa asilimia 30 ya fedha nyingi inaonekana vizuri kwenye karatasi. Lakini wao wametozwa kile ambacho sheria inataka. Anayetozwa kupita sheria ya mwaka ni wa chini, na kwake kiasi ni kidogo kiasi kwamba hakuna anayeitisha mkutano kukizungumzia.

Je, mlinzi anaweza kurudishiwa? Mlango wa kudai kodi iliyolipwa kupita kiasi umo katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Ila mfanyakazi mwenye ajira moja ambayo mwajiri anakata PAYE hawajibiki kupeleka ritani ya mwaka Mamlaka ya Mapato. Kwa watu wengi hii ni nafuu, maana nani anataka kujaza fomu? Lakini nafuu hiyo ina gharama yake: hakuna siku katika mwaka ambapo mtu yeyote anakaa na kujumlisha miezi 12 ya mlinzi, akalinganisha na jedwali la mwaka. Mwajiri amekata, amewasilisha kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, amefunga mwezi. Mamlaka imepokea. Mlinzi hajui kwamba kuna kitu cha kudai. Mimi sijawahi kukutana na mlinzi aliyekwenda kubisha mlango huo, na sidhani kama mhasibu aliyemkata angemshauri apoteze nauli ya daladala mara tatu kwa ajili ya Sh16,800.

Kenya wameipanga safari hii tofauti. Kule mwajiri anakata PAYE na kuiwasilisha kufikia tarehe 9, lakini mfanyakazi naye, hata mwenye ajira moja, anatakiwa kupeleka ritani yake kwenye mfumo wa iTax kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata, akitumia fomu ya P9 anayopewa na mwajiri. Ritani inahesabu upya kwa mwaka. Kilichozidi kinaonekana, na kinadaiwa. Kero ya foleni za mwisho wa Juni kila mtu anaijua, lakini angalau hesabu ya mwaka inafanyika.

Na umbo la viwango vya Kenya limehamisha mzigo mahali pengine. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, Sh24,000 za kwanza za mwezi zinatozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, kisha linakuja daraja refu la asilimia 30 kutoka hapo hadi Sh500,000. Juu yake kuna asilimia 32.5 hadi Sh800,000, na 35 kwa zinazozidi. Mtu wa ofisini anayepata shilingi za Kenya 80,000 au 150,000 yuko ndani ya daraja hilo refu, na bonasi ya kawaida haimtoi humo. Anakatwa asilimia 30 kwa mwezi, na kwa mwaka ni asilimia 30. Hakuna kilichozidi.

Anayeguswa ni bosi wake. Tuseme pato lake la kutozwa kodi ni Sh400,000 za Kenya kwa mwezi, na bonasi ni Sh800,000. Mwezi huo ana Sh1,200,000. Kati ya bonasi, Sh100,000 zinatozwa asilimia 30, Sh300,000 zinatozwa 32.5, na Sh400,000 zinatozwa 35. Jumla Sh267,500. Kwa mwaka amepata Sh5,600,000, ambazo hazijafika mpaka wa mwaka wa Sh6,000,000, kwa hiyo bonasi yote ilistahili asilimia 30, yaani Sh240,000. Amekatwa zaidi ya ilivyostahili kwa Sh27,500, na Juni anaweza kuzidai. Huyu ana mhasibu wa kumjazia ritani. Njia ileile ya kukata, juu ya ngazi mbili tofauti, inawaangukia watu wawili tofauti: Dar es Salaam mlinzi, Nairobi bosi.

Ndugu zetu walioko Marekani wana hadithi yao, na mara nyingi huisimulia kwa simu kwa hasira ileile. Mwajiri wa kule ana njia mbili. Ya kwanza ni ya kujumlisha bonasi na mshahara wa kipindi kile, kama yetu. Ya pili, ambayo wengi wanaipenda kwa wepesi wake, ni kukata asilimia 22 bila kuuliza mtu yuko daraja gani. Kiwango hicho kilianza mwaka 2018, kabla yake kilikuwa 25. Bonasi zikipita dola milioni moja kwa mwaka, kinachozidi kinakatwa asilimia 37. Mfanyakazi wa ghala Dallas, katika jimbo la Texas lisilo na kodi yake ya mapato, akipewa bonasi ya dola 1,000, atakatwa dola 220 za kodi ya mapato, dola 62 za hifadhi ya jamii na dola 14.50 za bima ya matibabu ya uzeeni. Atapokea dola 703.50.

Atalalamika kwamba bonasi inakatwa kuliko mshahara. Lakini kama daraja lake la mwaka ni la asilimia 12, kodi yake halisi kwa dola hizo 1,000 ni dola 120, na dola 100 zilizobaki zitahesabiwa upande wake atakapopeleka ritani kabla ya Aprili 15. Wamarekani wamekubali kukata kwa makadirio kwa kuwa kila mtu atakuja mezani kufanya hesabu. Makadirio bila meza ya hesabu ni jambo jingine kabisa.

Ghana wamechagua kuipa bonasi kodi yake. Kwa Sheria yao ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2015, bonasi isiyozidi asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mwaka inatozwa asilimia 5 tu na mambo yanaishia hapo. Inayozidi inaunganishwa na mshahara. Wafanyakazi wetu wakisikia hivi watatamani. Mimi nina mashaka. Ukiipunguzia bonasi kodi, umemfundisha kila mwajiri mwenye mwanasheria mzuri kupunguza mshahara na kuongeza bonasi, na bila shaka ndiyo maana Waghana wakaweka uzio wa asilimia 15. Pia anayefaidi zaidi ni yuleyule aliye daraja la juu: anayetozwa asilimia 30 ameokoa 25, na mlinzi asiyedaiwa kitu kwa mwaka ameongezewa 5. Nafuu ya namna hii inatibu kelele. Ugonjwa unabaki.

Dawa ya ugonjwa wenyewe ni ya zamani. Uingereza ilianzisha PAYE yake mwaka 1944, katikati ya vita, wakati wafanyakazi wa viwandani ambao ujira wao ulipanda na kushuka kila wiki walikuwa wameingizwa kwenye kodi ya mapato kwa wingi. Jedwali la wiki lingewaonea. Wakabuni hesabu ya kulimbikiza: kila siku ya malipo, mwajiri anajumlisha alichomlipa mtu tangu mwanzo wa mwaka wa kodi, anajumlisha msamaha wake tangu mwanzo wa mwaka, anapata kodi ya mpaka siku hiyo, anatoa iliyokwisha kukatwa, na tofauti ndiyo ya leo. Ikitokea imekatwa zaidi, miezi inayofuata inapungua yenyewe, au mfanyakazi anarudishiwa ndani ya mshahara wake. Waliifanya kwa vitabu vya karatasi na makarani wenye wino vidoleni.

Tuijaribu kwa mfanyakazi wetu wa laki tano, bonasi ikilipwa Aprili. Mpaka mwisho wa Aprili amepata Sh2,500,000. Madaraja ya miezi minne yanampa msamaha wa Sh1,080,000 na daraja la asilimia 8 linaloishia Sh2,080,000. Kodi yake mpaka hapo ni Sh80,000 na Sh84,000, jumla Sh164,000. Januari mpaka Machi alishalipa Sh55,200. Aprili anakatwa Sh108,800 badala ya Sh128,000. Mei, hesabu ikirudiwa, anakatwa Sh16,000 badala ya Sh18,400, na hivyo hivyo kila mwezi mpaka Desemba. Mwisho wa mwaka amelipa Sh292,000 kamili, zile zile za Jedwali la Kwanza. Hakuna fomu, hakuna foleni, hakuna barua ya maombi. Na mlinzi, akilipwa bonasi Aprili, anakatwa Sh9,600 mwezi huo, kisha zinamrudia Sh2,400 Mei, Juni, Julai na Agosti. Desemba inamkuta hadaiwi wala hadai.

Programu yoyote ya mishahara inayotumika leo inaweza kufanya hesabu hii kabla mhasibu hajamaliza kunywa chai. Ritani za PAYE zinapelekwa kwa mtandao. Jedwali la mwezi lilikuwa na maana wakati mwezi ulifungwa kwa kalamu nyekundu kwenye leja. Kwa sasa limebaki kwa mazoea.

Upande wa mwajiri nao una yake, na baadhi yao hujikuta kwenye matatizo kwa kutoa ahadi kwa fedha ya mkononi. Mwenye kampuni anasimama kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, amefurahi, anatangaza: "Kila mtu laki tano mkononi!" Makofi. Kesho yake mhasibu anakuna kichwa. Ili yule mwenye mshahara wa laki tano apokee laki tano kamili za bonasi, bonasi kabla ya kodi lazima iwe Sh656,571, kwa sababu kodi anayolipiwa nayo ni mapato yake na inatozwa kodi. Kama kampuni ina wafanyakazi 10 au zaidi, kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichoanza Julai 2023, ambayo mwajiri anailipa juu ya malipo yote ikiwemo bonasi: Sh22,980 nyingine. Ahadi ya laki tano imekuwa karibu laki sita na elfu themanini, kwa kichwa kimoja.

Makato mengine yana kanuni zake. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo bonasi inapita salama. Akiona makato hayo yamepanda mwezi wa bonasi, aulize, kuna aliyekosea. Mwenye ajira mbili ajue kwamba ile ya pili inakatwa asilimia 30 moja kwa moja bila msamaha, na bonasi yake vilevile.

Kuna waajiri wanaopita njia ya bahasha: bonasi inatolewa kwa fedha taslimu nje ya orodha ya mishahara, kwenye vitabu inaandikwa gharama za ustawi wa wafanyakazi. Wakaguzi wa kodi wanalijua neno hilo vizuri. Mwajiri asiyekata kodi aliyotakiwa kukata anadaiwa kodi hiyo yeye mwenyewe, pamoja na riba, hata kama fedha zilishaliwa sikukuu na mpokeaji alishahama mji. Gunia la mchele na dumu la mafuta ya Krismasi au Idi ni habari nyingine. Sheria inaacha nje manufaa madogo ambayo si rahisi kiutendaji kuyahesabia kila mtu fungu lake, lakini asije mtu akaipakia pikipiki ndani ya kifungu hicho.

Jambo la tarehe nalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mapato ya ajira yanahesabiwa siku yanapolipwa. Bonasi ya kazi ya mwaka jana iliyolipwa Machi mwaka huu ni mapato ya mwaka huu, hata kama bodi iliipitisha Desemba. Kwa hiyo mwajiri anayependa wafanyakazi wake wa chini ana nafasi halali ya kupunguza maumivu bila kusubiri serikali: agawanye malipo. Bonasi ile ya laki tano ikilipwa kwa awamu mbili za Sh250,000 katika miezi miwili, kodi yake inashuka kutoka Sh109,600 hadi Sh95,200. Ikisambazwa miezi 12 inashuka hadi Sh71,200, ingawa sijui nani angeifurahia bonasi ya Sh41,667 kwa mwezi. Awamu mbili au tatu zinatosha kwa watu wengi, na kwa mlinzi tofauti, kwa uwiano, ni kubwa zaidi: Sh240,000 zake zikija kwa awamu tatu za Sh80,000, kila mwezi atatozwa asilimia 8 ya Sh50,000, yaani Sh4,000, jumla Sh12,000 badala ya Sh16,800. Zikija kwa awamu nane za Sh30,000, hakatwi kitu.

Wale wa Oman na Ghuba wanaosoma haya na kutabasamu, wakijua kwamba bonasi yao haijawahi kukatwa kodi ya mapato, wajue kwamba Oman imeshatunga sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi itakayoanza Januari 2028: asilimia 5 ya mapato ya mwaka yanayozidi rial 42,000. Mpaka huo ni wa juu sana na wengi hautawagusa. Lakini wameuandika kwa mwaka, na watakaotunga kanuni za kukata bado wana muda wa kuchagua njia.

Tanzania haina haja ya kuandika viwango vipya wala kuipa bonasi msamaha. Viwango vya mwaka vimo ndani ya sheria tangu awali. Kinachokosekana ni kanuni ya Waziri wa Fedha inayomtaka mwajiri ahesabu PAYE kwa kulimbikiza, au, kama hilo linaonekana zito kwa waajiri wadogo, inayomtaka kila Desemba ajumlishe miezi 12 ya kila mfanyakazi wake, alinganishe na jedwali la mwaka, na kilichozidi akirudishe ndani ya mshahara wa Desemba huku akikipunguza kwenye fedha anazopeleka Mamlaka ya Mapato. Hazina itapoteza fedha kidogo ambazo kwa sheria yake yenyewe hazikuwa zake. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo kila Mei Mosi huomba asilimia ipunguzwe, viliombe na hili, maana ni rahisi kulipata na linawafaa wanachama wao wa chini zaidi.

Wewe uliyepokea bonasi mwaka huu, tunza hati zote 12. Kama pato lako la kawaida la kutozwa kodi liko chini ya milioni kwa mwezi, jumlisha ya mwaka mzima, toa Sh3,240,000, hesabu kwa jedwali la mwaka, kisha linganisha na PAYE uliyokatwa. Ukiona imezidi, mpelekee mhasibu wako karatasi hiyo kabla Desemba haijafungwa.